Mwalimu Anajibu: Nani Anawapangia Mchwa Kazi?

Toleo lililopita niligusia kichuguu kilicho nyuma ya nyumba yangu hapa Tabora. Nilisema hakina msimamizi wala ramani, na kwamba mtoto darasani hujenga maarifa yake kwa njia inayofanana na hiyo. Barua zilizokuja ni nyingi. Nimechagua tano zinazoshikana, na nitazijibu kwa kirefu, kwa sababu katika miaka 31 ya kufundisha baiolojia hakuna jambo lililonibadilisha kama hili, na lilinifikia nikiwa nimeshachelewa kwa wanafunzi wengi.

Shikamoo Mwalimu. Unasema kichuguu hakina msimamizi. Sisi tangu utoto tunajua kuna malkia, na ukimtoa malkia kichuguu kinakufa. Kama si yeye anayewatuma, ni nani? (Mkulima, Kahama)

Marahaba mwanangu. Mlichokiona ni kweli. Malkia akiondoka na mwingine asipopatikana, kichuguu hufa. Ila hufa kwa kukosa watoto, si kwa kukosa amri. Malkia amefungiwa kwenye chumba cha udongo mgumu, tumbo limejaa mayai hata kutembea hawezi. Anataga maelfu ya mayai kwa siku. Ukuta wa nje ukibomoka, yeye hana habari.

Mwaka jana mvua zilipoanza, kijana aliyekuwa ananilimia bustani alipiga jembe pembeni ya kichuguu changu, likang'oka pande kubwa kama sufuria ya wali. Nikavuta kigoda nikakaa. Walitangulia askari, vichwa vikubwa vyekundu, wakajipanga kwenye kingo za tundu wakiwa wameachama taya. Nyuma yao wakaja wafanyakazi. Kila mmoja alikuwa na punje ya udongo mdomoni, imelowa mate. Anafika, anapapasa huku na huku kwa vipapasio, anaibandika punje yake, anaikandamiza kwa kutikisa kichwa, anageuka, anarudi ndani. Punje za mwanzo zilibandikwa ovyo, moja hapa, nyingine kule, na nilidhani kazi haitafika popote. Lakini mahali ambapo kwa bahati tu punje tatu nne ziliangukia karibu karibu, aliyefuata alibandika ya kwake palepale. Na aliyemfuata vilevile. Baada ya muda viliota viguzo vyembamba, unene wa njiti ya kiberiti. Viguzo viwili vilivyokuwa jirani vikaanza kuinamiana, vikakutana juu, likatokea tao. Sikuondoka mpaka tundu lilipozibwa.

Sasa fikiria: mchwa mfanyakazi wa kichuguu kama hiki hana macho. Hajui tao ni kitu gani. Hakuna aliyemwambia "weka hapa". Kilichomwambia ni punje ya mwenzake.

Mwaka 1959 Mfaransa Pierre-Paul Grassé, aliyekuwa amewachunguza mchwa wa Afrika, aliandika jambo hilihili. Akalitungia neno kutoka maneno mawili ya Kigiriki, la alama na la kazi, kwa maana kwamba kazi iliyokwisha kufanyika ndiyo alama inayoita kazi inayofuata. Yeye na waliomfuata walidhani siri iko kwenye harufu ya mate. Miaka ya karibuni wachunguzi wameangalia zaidi umbo lenyewe la ukuta: pale uso wa udongo unapojikunja sana, mchwa huvutwa kubandika, na unyevu nao una sehemu yake. Kwa hiyo suala la ni ishara ipi hasa bado linachimbwa. Jambo la msingi halijatikisika: ramani ya nyumba haimo kichwani mwa yeyote. Imo katika mazungumzo kati ya mchwa na ukuta.

Wenzetu wa taaluma huita hili mfumo unaojipanga wenyewe. Uyoga mnaouchuma kwenye vichuguu mvua ikianza nao ni sehemu ya mfumo huohuo, kwa sababu mchwa hao hulima kuvu humo ndani kama nyinyi mnavyolima pamba. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, Tanga. Kanuni ya pili ya themodinamiki inasema vurugu huongezeka siku zote. Mpangilio utajitokezaje wenyewe? Naona kama kanuni inavunjwa. (Mwanafunzi wa sayansi)

Marahaba. Swali lako ni zuri na limewasumbua watu wazima wenye shahada. Isome tena kanuni: inazungumzia mfumo uliofungwa, usioingiza wala kutoa kitu. Kichuguu hakikufungwa, wewe hukufungwa, na bahari inayopiga hapo Tanga haikufungwa. Jua linaingiza nishati, joto linatoka. Mpangilio unaweza kuongezeka hapa mradi vurugu kubwa zaidi inamwagwa nje.

Badala ya kunisadiki mimi, ingia jikoni, na mtu mzima awepo kwa sababu ni mafuta ya moto. Chukua kikaango bapa, mimina mafuta ya kula unene wa milimita mbili au tatu tu. Nyunyizia mdalasini uliosagwa laini sana. Washa moto mdogo kuliko wote. Mwanzoni huoni kitu. Joto linapanda kimyakimya kutoka chini kwenda juu na mafuta yametulia. Ongeza kidogo, subiri. Inafika nukta ambapo vumbi la mdalasini linaanza kukimbia, na uso wote wa mafuta unagawanyika vijumba vidogo vilivyopakana, kama sega la nyuki lililokatwa ovyo ovyo. Katikati ya kila kijumba mafuta yanapanda, pembezoni yanazama. Hakuna aliyepima. Hukuviweka wewe vijumba, wewe umeweka moto tu. Zima moto, na vyote vinafutika.

Mfaransa Henri Bénard alivielezea mwaka 1900 kwa kutumia nta ya nyangumi iliyoyeyushwa. Mwaka 1916 Lord Rayleigh wa Uingereza akatoa hesabu: mafuta ya chini yakipata moto huwa mepesi, hupanda. Hesabu ilikuwa safi, watu wakaikubali miaka 40. Ndipo katika miaka ya 1950 ikabainika kwamba katika tabaka jembamba kama la Bénard kinachotawala si wepesi, ni mvutano wa uso wa mafuta unaobadilika kwa joto. Nakutajia hili kwa sababu shuleni tunawapa sayansi kana kwamba ilishuka ikiwa imekamilika.

Ilya Prigogine, aliyezaliwa Moscow na kufanyia kazi zake Brussels, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977 kwa kueleza miundo ya namna hii, ile inayosimama kwa sababu tu nishati inapita ndani yake. Mapigo ya moyo wako ni ya ukoo huo. Na kabla yake alikuwepo Boris Belousov, mkemia wa Kisovyeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alichanganya asidi ya limau na chumvi kadhaa, mchanganyiko ukawa wa njano, ukapoteza rangi, ukarudi njano, ukapoteza tena, kama saa. Wahariri walimkatalia makala wakisema jambo hilo haliwezekani, wakitumia hoja kama yako. Alikufa mwaka 1970. Tuzo ya Lenin alipewa mwaka 1980, akiwa kaburini. Kila nikimkumbuka nasikia uchungu. Mtu ameona kwa macho yake mwenyewe, ameshika bika mkononi, anaambiwa hakuona.

Salaam Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kituo cha bodaboda Dodoma. Vijana wamesoma maneno yako, sasa wanasema tujipange wenyewe kama mchwa, uongozi wa nini? Tusaidie. (Mwenyekiti)

Ndugu mwenyekiti, waeleze kwamba kujipanga wenyewe si lazima kuwe kujipanga vizuri. Mwaka 1989 Jean-Louis Deneubourg na wenzake kule Brussels waliwawekea sisimizi daraja lenye njia mbili za kwenda kwenye chakula, moja fupi na moja ndefu. Muda si mrefu karibu wote walipita ile fupi, kwa sababu aliyepita fupi hurudi mapema, huacha harufu mapema, na harufu huvuta wengine. Hapo vijana wako watashangilia. Lakini wakafanya jaribio lingine: wakaanza na njia ndefu peke yake, na baada ya nusu saa wakaongeza ile fupi. Sisimizi wengi wakaendelea na ndefu. Harufu ilikuwa imeshakolea.

Angalieni kituoni kwenu: kuna mambo mangapi mnafanya kwa sababu harufu imekolea? Mnapanga foleni upande fulani kwa sababu zamani lango la soko lilikuwa pale. Kiongozi wa watu wanaojipanga hana haja ya kumwambia kila mmoja apite wapi. Ana kazi ya kuhakikisha alama zinasomeka na wote, na zile za zamani zinafutika. Ubao wa zamu unaoandikwa kwa chaki na kufutwa kila asubuhi ni uongozi.

Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Kwenye semina tunaambiwa mwanafunzi hujenga maarifa mwenyewe na mwalimu awe mwezeshaji tu. Darasa langu lina wanafunzi 90. Nikikaa kando wajenge wenyewe, wanajenga kelele. Hii si nadharia ya shule zenye watoto 20? (Mwalimu wa sekondari, Mbeya)

Pole na kazi, mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu ni mimi huyo wa miaka ya 2000. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulipokuja na habari ya umahiri na mbinu shirikishi, tulikaa kwenye semina tukapewa kalamu za rangi na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Tukarudi shuleni tukagawa makundi ya watoto watano watano, tukaamini ndiyo nadharia yenyewe.

Siyo. Nadharia ya ujenzi wa maarifa haisemi lolote juu ya makundi. Inasema kinachotokea kichwani, na inatokea hata mtoto akiwa amekunja mikono anasikiliza mhadhara. Hata hapo anajenga. Hana njia nyingine ya kujua. Swali ni anajenga nini, na kwa matofali gani.

Nikupe kisa changu. Niliwafundisha kidato cha pili usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa wiki mbili. Mchoro wa jani, fomula, kaboni dayoksaidi inaingia hapa, oksijeni inatoka pale. Msichana mmoja alipata kumi kwa kumi, mwandiko mzuri, hakukosea hata namba moja ya fomula. Jioni tukawa tumekaa chini ya mwembe wa shule tukisubiri mvua ipungue, nikamuuliza kwa mazungumzo tu: mwembe huu mkubwa hivi, uzito wake wote umetoka wapi? Akajibu bila kusita, "Udongoni, Mwalimu." Nikawauliza wengine. Udongoni. Wote.

Niliumia. Wiki mbili zangu zilikuwa zimekaa juu ya daftari kama vumbi la chaki, na chini yake mtoto ana maarifa yake aliyoyajenga tangu anamwona bibi yake akiweka samadi kwenye migomba: mmea unakula udongo. Maarifa hayo si ujinga. Yamemfaa shambani miaka yote. Kwa nini ayaache kwa ajili ya fomula yangu?

Nikakaa kidogo, halafu nikauliza: kama mwembe umekula udongo wa uzito huu wote, shimo liko wapi?

Wakanyamaza. Wakaangalia chini, shinani. Mmoja akainuka akazunguka mti mzima, mvua inamnyeshea, kama anayetafuta kitu alichodondosha. Udongo ulikuwa sawasawa, umeinuka hata kidogo kwenye mizizi. Yule msichana wa kumi kwa kumi akasema polepole, "Mwalimu, kwenye ndoo za maua za mama pia udongo hauishi." Hilo ndilo somo langu la kwanza la usanisinuru, na nilikuwa na miaka zaidi ya 15 kazini.

Kesho yake nikawasimulia habari ya Jan Baptist van Helmont wa Brussels, ambaye maandishi yake yalichapwa mwaka 1648 baada ya kufa kwake. Alipima udongo mkavu ratili 200, akapanda mche wa ratili 5, akaumwagilia maji miaka mitano. Mti ukafika ratili 169 na kitu. Udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua aunsi mbili tu, yaani kama gramu 60. Van Helmont akahitimisha kwamba mti wote ni maji. Alikosea, na angalia ajabu yake: ndiye aliyetunga neno gesi, na alizijua gesi kuliko wengi wa zama zake. Lakini hakuona hewa kama tofali la kujengea mti. Alijenga kwa alivyokuwa navyo, sawa na wanafunzi wangu.

Wangu nao waligoma kwa hewa. "Hewa haina uzito." Basi tukafunga maputo mawili yaliyojaa upepo kwenye ncha za ufito, tukauning'iniza kwa uzi katikati mpaka ukakaa sawa. Tukabandika kipande cha selotepu kwenye puto moja na kutoboa hapohapo kwa sindano ili lisipasuke. Upepo ukatoka polepole, na ufito ukainamia upande wa puto lililojaa. Mtoto mmoja aliugusa kwa kidole kuurudisha juu, ukashuka tena. Akaurudisha, ukashuka. Sikusema neno. Siku hiyo nikawapa mkaa, ambao Tabora hakuna asiyeujua, nikawaambia huu ndio mti ukiondoa maji na vinginevyo, nao ulikuwa hewani.

Sasa rudi kwa mchwa wa kichuguu changu, kwenye jibu la barua ya Kahama hapo juu. Punje mpya hubandikwa palipo na punje. "Mmea unakula udongo" ndiyo punje iliyokuwepo. Ningeipuuza, yangu isingeshika. Ilibidi niiguse hiyohiyo.

Jean Piaget wa Uswisi, aliyetupa sehemu kubwa ya fikra hizi, hakuanza kama mtaalamu wa elimu. Alikuwa mtu wa konokono. Mwaka 1907, bado mtoto, alichapisha maelezo mafupi juu ya shomoro mweupe aliyemwona, na shahada yake ya udaktari, mwaka 1918, ilikuwa juu ya moluska wa milima ya Valais. Alipogeukia watoto aliwatazama kwa jicho la baiolojia: kiumbe hakipokei mazingira yake kama yalivyo, huyameng'enya. Alipenda kusema sungura akila kabichi hageuki kuwa kabichi.

Jaribio lake maarufu nimelifanya na mjukuu wangu, alipokuwa na miaka mitano. Glasi mbili pana, togwa sawa kwa sawa, akakubali ni sawa. Nikamimina moja kwenye glasi nyembamba ndefu mbele ya macho yake. "Hii nyingi," akasema, akiionyesha ndefu. Nikamwambia hapana, ni ileile. Akaitikia, "Ndiyo bibi." Nikarudia kumimina. "Hii nyingi." Sikuweza kumpa jibu kwa kulitamka, ingawa alinipenda na alitaka kunifurahisha. Alipokuwa na miaka saba nilimimina tena. Akanitazama kwa mshangao: "Si ni ileile, bibi? Umehamisha tu." Hakukumbuka kwamba aliwahi kufikiri vingine.

Kuhusu watoto wako 90. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwalimu wa fizikia Eric Mazur aliligundua tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwenye kumbi zenye mamia ya wanafunzi, na dawa yake haihitaji makundi wala kalamu za rangi. Uliza swali moja lenye mtego wa kweli. Uzito wa mwembe: udongoni, majini au hewani? Kila mtu achague kimya, anyooshe mkono, uandike hesabu ubaoni. Usiseme jibu. Kila mmoja amweleze jirani yake wa dawati kwa nini amechagua hivyo, dakika mbili. Kelele hiyo iache, ni kelele ya kazi. Kisha nyoosheni tena mikono, andika hesabu ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Ndipo ufundishe, na ufundishe kwa sauti yako yote, kwa ubao, kwa chaki. Anayekuambia mwezeshaji hafundishi hajawahi kusimama mbele ya watoto 90.

Kazi kubwa iko nyumbani usiku, katika kulipata swali. Moja zuri kwa wiki linatosha.

Assalam aleikum Mwalimu. Niko Leicester na watoto watatu. Kama kila mtu anajijengea maarifa yake, si ina maana kila mtu ana ukweli wake? Basi daktari na tapeli wako sawa? Jambo hili linanitia hofu. (Mama wa watoto watatu, Uingereza)

Waaleikum salaam, mwanangu. Hofu yako ni halali na wako walioisoma nadharia hii kwa namna hiyo mbaya.

Nianze na chura. Miaka ya 1940 Roger Sperry, Mmarekani, alikata neva za macho ya vyura na kuyageuza macho juu chini. Neva zikaota tena, chura akaona tena. Nzi akiwa juu, chura alirusha ulimi chini. Hakujirekebisha kamwe. Mwaka 1959 kundi lililokuwa na Humberto Maturana wa Chile likaonyesha kwamba jicho la chura halipeleki picha ya dunia kwenye ubongo. Linapeleka habari za vitu vichache, kama kitu kidogo cheusi kinachosogea. Mzungushie nzi waliokufa, wasiosogea, atakufa njaa katikati ya chakula. Maturana aliondoka hapo na swali lililomshika maisha yake yote: na sisi je? Macho yetu nayo yanachagua. Dunia tunayoijua tumeshiriki kuitengeneza.

Mpaka hapo hofu yako inaongezeka, najua. Lakini chura wa Sperry anatufundisha na upande wa pili: huwezi kujijengea chochote tu. Aliyejenga vibaya hakosolewi na mwalimu, anakosolewa na nzi anayemponyoka.

Ernst von Glasersfeld, aliyeikomaza nadharia hii kuanzia miaka ya 1970, alitumia mfano wa ufunguo. Ufunguo haufanani na kufuli. Unafungua, au haufungui. Maarifa yetu ni funguo tulizochonga wenyewe, ndiyo, ila kufuli hatukulichonga sisi. Tazama malaria. Jina lenyewe ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Watu waliamini homa inaletwa na hewa ya kwenye vinamasi, wakakausha vinamasi, na homa ikapungua kweli. Ufunguo ulifungua. Lakini haukuweza kueleza kwa nini anayelala ndani ya chandarua anapona na wa kitanda cha pili anaugua, hali wanavuta hewa moja. Mwaka 1880 Alphonse Laveran akaviona vimelea kwenye damu kule Algeria, na mwaka 1897 Ronald Ross kule India akavikuta ndani ya mbu. Ufunguo huo unafungua kufuli la kinamasi, la chandarua na la dawa. Hapo ndipo daktari na tapeli wanapoachana. Muulize kila mmoja: ufunguo wako umejaribiwa kwenye makufuli mangapi, na nani alikuwepo kuona ulipokwama?

Von Glasersfeld alikua katikati ya lugha kadhaa, Kijerumani, Kiingereza, Kiitaliano, na alisema hapo ndipo alipoanza kuona kwamba kila lugha inaikata dunia kwa kisu chake. Watoto wako wanaishi hapohapo. Shuleni wanaambiwa ni saba, wewe nyumbani unasema saa moja. Saa yetu imejengwa na watu ambao kwao jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Hapa Tabora ni kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja, miezi yote, tofauti ni kama nusu saa tu. Kwa hiyo siku inaanzwa kuhesabiwa jua linapotoka, na ufunguo huo unafungua bila shida kutoka Lamu mpaka Bujumbura. Huko Leicester mwezi wa Desemba jua linatoka saa mbili imepita, na Juni saa kumi na moja haijafika. Ufunguo wetu unakwaruza kwenye kufuli la huko, bila kosa la aliyeuchonga.

Mwanao akikuuliza ipi ndiyo saa ya kweli, usimpe moja ukamnyima nyingine. Mwambie aandike kwenye daftari, kila Jumamosi kwa mwaka mmoja, jua limetoka saa ngapi kwa saa zote mbili. Kisha umwombe bibi yake wa huku naye aandike, mlinganishe madaftari mkija likizo.